Ile ya Padri Imekwisha, Zuhura

Zuhura wangu,

Nimeimaliza. Najua unanikunjia uso huko uliko, maana tuliapiana kwamba hakuna atakayeitazama ile tamthilia ya padri bila mwenzake, hata kwa kuibia kwenye simu. Nimeitazama peke yangu, Ijumaa, baada ya kutoka misa Mesaimeer. Nilikaa sakafuni, mahali pako, mgongo kwenye kabati. Kwenye kiti changu nilishindwa kukaa. Kilikuwa kinanielekeza kwako na wewe hukuwepo.

Lakini kabla sijakwambia imeishaje, kuna mengine. Wewe ni mtu wa kutaka habari kwa mpango wake. "Anza mwanzo, Nafula. Nyinyi Wakenya mnaingia habari katikati, kama mbuzi aliyevunja ua."

Haya. Naanza mwanzo.

Chumba chetu cha Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, bado ni kilekile. Kiyoyozi bado kinadondosha maji kwenye ndoo. Yule kaka wa bakala, lile duka la chini, aliyekuwa akikuwekea ndizi zilizoiva amerudi kwao Kerala, na siku ya kuondoka aliniuliza, "Sister Zanzibar where?" kwa kile Kiingereza chake, nikamwambia umeondoka. Akafikiri umerudi nyumbani. Akafurahi sana. Sikuweza kumsahihisha.

Kitanda chako anakilalia Prossy, msichana wa Kiganda anayelea watoto wa familia moja ya huko West Bay. Mwenye nyumba hakungoja hata arubaini yako ipite. Usimchukie Prossy. Ni mpole, anakunja blanketi lake vizuri, na siku ya kwanza alipojua kitanda kilikuwa cha nani aliuliza kama anaweza kukigeuza upande ili asilale ulivyokuwa ukilala. Nilimwambia akiache. Sijui kwa nini nilimwambia hivyo.

Unakumbuka ilivyoanza? Ilikuwa kiangazi kile ambacho hata kitasa cha mlango kilikuwa kinachoma. Wote wawili tulikuwa na mapumziko siku ya Ijumaa, jambo ambalo kwa hoteli yenu na kliniki yetu ni kama kupatwa kwa jua. Nilikuwa nabonyeza rimoti tu, napita vipindi, mara ukapiga kelele: "Simama hapo! Mvua!" Ilikuwa kweli mvua. Ilikuwa inanyesha ndani ya televisheni, mvua nyembamba, ya upande, isiyo na haraka. Hukutaka kujua ni hadithi gani. Ulitaka kuitazama mvua ikinyesha. Ndani ya mvua ile alikuwa akitembea mtu mwembamba mwenye nguo nyeusi, sanduku mkononi, viatu vimezama kwenye tope, na ukuta mrefu wa mawe ukimfuata njia nzima.

"Huyu nani?"

"Ni padri. Amehamishiwa kijiji cha mbali huko Ayalandi."

"Mbona hakuna aliyempokea? Mtu anatoka safari, hata maji ya kunywa hapewi? Watu gani hawa?"

Basi tukawa tumenaswa. Kondoo, moshi wa majiko, kanisa lenye paa linalovuja, wazee wachache wanaokaa viti vya nyuma ili wawahi kutoka. Majina yao ya Kizungu yalikushinda ukawapa yako. Padri ukamwita Masikio, na kweli, masikio yale yalikuwa yamesimama kama ya sungura. Yule mama mnene wa makamo aliyekuwa akimwachia mayai mlangoni ukamwita Bi Kuku. Mdogo wake, yule mwenye duka la kijiji, mwenye alama nyeusi shavuni, ukamwita Kidoti. Mpaka leo sijui majina yao halisi. Nilipoyaona yameandikwa mwishoni nilidhani ni ya watu wengine.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Kazi yako ilikuwa kuhukumu. "Amesema nini?" Nakwambia. "Muongo." Au: "Huyu kamwambia ukweli, lakini kamwambia wakati mbaya." Wakati mwingine nilikuwa sijamaliza sentensi umeshajibu, umemjibu yeye, Masikio, kwa Kipemba, kidole juu. Na mimi mtoto wa Bungoma, niliyebatizwa kabla ya kuota meno, nikawa nakufundisha mambo ya padri wewe uliyekwenda chuoni kusoma Kurani kabla ya skuli. Nilikueleza kuhusu kitubio. Mtu anapiga magoti, anasema yote, na padri hawezi kumwambia mtu yeyote.

"Hata askari?"

"Hata askari."

"Hata mamaake?"

"Hata akikatwa kichwa, Zuhura."

Ulitafuna hilo pamoja na andazi lako. "Basi padri ni kisima kisicho na ndoo," ukasema. "Yanaingia, hayatoki. Maskini Masikio. Ndiyo maana hanenepi."

Kisha ikaja ile Ijumaa ya Bi Kuku.

Aliingia kwenye kile chumba kidogo cha maungamo bila mayai, nywele zimelowa, akakaa muda mrefu bila kusema. Padri naye akanyamaza. Nilipenda hivyo, kwamba alinyamaza. Halafu mama yule akaanza kusema, na mimi nikaanza kutafsiri nikiwa namenya chungwa, bila kufikiri: "Anasema anaumwa. Anasema daktari amemwambia haponi. Anasema... Kidoti si mdogo wake. Ni mwanawe. Alimzaa akiwa msichana, na mama yake akamlea kama wake."

Hukuuliza "amesema nini". Uliinuka ukaenda jikoni. Nilisikia maji. Ulikuwa unaosha gilasi ambazo ulikwisha kuziosha. Uliporudi ulikaa, mikono inadondosha maji kwenye mkeka, ukasema, "Zima kwanza, Nafula."

Nikazima.

"Salma si mdogo wangu."

Salma, ambaye nilimjua kwa sauti kabla sijamwona picha. Salma kitinda mimba, ambaye ulikuwa ukimpigia kila jioni kumuuliza amekula nini na amesoma nini. Ulinieleza ukitazama televisheni iliyozimwa. Ulikuwa na umri wa kuvaa sare ya skuli. Yule mwanamume alikuwa na safari zake, akaenda na hakurudi, na hukunitajia jina lake na mimi sikuliuliza. Mama yako, Bi Mwanaidi, alikupeleka Tanga kwa jamaa, na nyuma yako akafunga kanga tumboni, akaenda sokoni Wete akiwa ameshika kiuno, mpaka majirani wakaanza kumpelekea ndimu. Kisha naye akakufuata Tanga, akarudi na mtoto. Baba yako, Mzee Khamis, akamwandikisha kwa jina lake. "Walinisitiri," ukasema. "Usidhani nawalaumu. Walinisitiri mpaka nikapotea ndani."

Lakini hukulia kwa hilo. Ulilia kwa jambo jingine ambalo mimi, Mkristo, sikulielewa mpaka uliponieleza polepole kama mtoto. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ulisema, walii wake, mwenye haki ya kumuozesha, si babu yake mzaa mama. Walii wake ni kadhi. Siku Salma atakapoolewa, Mzee Khamis atasimama mbele ya watu amuozeshe kama baba yake, kwa moyo safi na kwa mapenzi, na nikaha haitasimama. "Ataishi na mume ambaye si mumewe, Nafula. Atazaa. Na mimi najua. Watu watatu tu tuliobaki duniani tunajua, na sote watatu tumekaa kimya kama mapipa."

"Utamwambia?"

"Nikienda likizo. Uso kwa uso. Haya si ya kusema kwenye simu." Kisha ukajifuta uso kwa ncha ya mtandio, ukacheka kidogo. "Nimekwambia wewe kwa kuwa padri wako alinivuta ulimi. Washa sasa. Tuone Masikio anafanyaje."

Masikio hakufanya kitu. Alikwenda kutembea kwenye mvua.

Likizo yako ilikuwa imeshaidhinishwa. Ulikuwa umenunua shuka mbili za bluu na pafyumu ya Salma. Asubuhi ile uliondoka na basi la wafanyakazi ukiwa umeudhika kwa sababu sikukuachia sukari, na saa chache baadaye mwenzako wa chumba cha kufulia akanipigia simu kwamba umeshika kichwa, umeita mama, umeanguka. Mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Mimi ni nesi, Zuhura. Niliangalia mashine zile nikajua kabla daktari hajafungua mdomo. Nilikushika mguu, kwa sababu mikono yako yote ilikuwa na mipira, na nikawa nakwambia habari za bakala, za mwenye nyumba, za upuuzi wowote. Kesho yake alasiri ukaondoka.

Mzee Khamis alisema kwenye simu, "Azikwe hukohuko. Ardhi ya Mungu ni moja." Wanaume wa Kizanzibari walikubeba. Madereva, walinzi, yule mpishi wa hoteli yenu, wote wamevaa kofia zao. Mimi na wenzako wa hotelini tulisimama nje ya ukuta wa makaburi. Nilijua upande ule wa mji vizuri, kwa sababu ni upande uleule ninakokwenda misa. Hilo sikuwahi kulifikiria. Sasa kila Ijumaa basi linapita karibu nawe, na ndani ya basi watu wanazungumza na kucheka na kugawana karanga, na mimi natazama viatu vyangu.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Nilifikiri wafu huja usiku. Wewe hukuja usiku. Ulikuja mchana, televisheni ikiwaka. Chochote kilichosemwa kwa Kiingereza, taarifa ya habari, tangazo la sabuni, nilisikia nyuma ya bega langu la kushoto, karibu kabisa: "Amesema nini?" Si kama kumbukumbu. Kumbukumbu huwa ndani ya kichwa. Hii ilikuwa na pumzi. Na mimi nikawa najibu. Nilikuwa natafsiri kwa sauti, peke yangu, hali ya hewa ya London, bei ya mafuta, mpaka siku moja nikageuka nikamkuta Prossy mlangoni ameshika viatu vyake.

"Dada, unaongea na nani?"

"Na televisheni."

Hakuniamini. Wiki hiyohiyo tukiwa tunakunywa chai ya asubuhi akaniambia, macho chini, "Dada, unaongea usingizini. Unasema neno moja tu. Amesema nini, amesema nini." Kiswahili cha Prossy ni kidogo lakini hilo alilisema sawasawa, na mkazo wako wa Kipemba juu yake. Kisha akaongeza polepole, "Lakini sauti si yako." Nikaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo Prossy analala na rozari shingoni.

Katikati ya hayo Salma akanipigia.

"Shikamoo, dada Nafula."

"Marahaba, mwanangu. Poleni jamani."

Tukasalimiana kwa urefu, kama mnavyosalimiana nyinyi, mpaka akafika kwenye neno lake. Alikuwa ameposwa. Mwalimu wa skuli ya hapo Wete, mtu mtaratibu, familia imeridhia, na Mzee amesema wasingoje sana kwa kuwa afya yake si ya kutegemewa. Nikampongeza. Kisha sauti yake ikapungua.

"Dada Zuhura alinambia, simu ya mwisho. Kasema, nikija n'na jambo la kukwambia, ukae chini unisikilize. Jambo gani, dada? Ukiishi naye wewe. Hakukwambia?"

Zuhura, nilitazama kitanda chako. Haki ya Mungu nilikitazama kana kwamba utajibu. Na ulipokuwa unahitajika kuliko siku zote, siku hiyo hukusema kitu.

"Alikupenda sana," nikamwambia. "Kila siku alikuwa anakutaja."

"Najua," akasema Salma. "Lakini mtu hamwambii mtu akae chini kwa hilo."

Ana akili kama yako. Aliaga kwa adabu, na nilijua hakuridhika.

Ndiyo maana nikaitazama sehemu ya mwisho. Nilikuwa nimeikwepa muda wote kama mtu anavyokwepa mtaa wenye mbwa. Nilikuwa nimejiambia nikiitazama nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Lakini baada ya simu ile nilikuwa na haja ya kuona Masikio alifanya nini. Yeye alikuwa amebeba mzigo kama wangu. Pengine alijua pa kuutua.

Bi Kuku amekufa, Zuhura. Alikufa kitandani, dirisha wazi, bila kumwambia mwanawe. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili akaishia kumuuliza habari za duka. Siku ya mazishi Masikio alisoma misa na kanisa lilijaa kwa mara ya kwanza tangu afike pale, hata wale wasioamini walikuja, wakasimama nyuma na makoti yao. Watu walipokwisha kutoka, Kidoti akabaki. Akamsogelea padri mlangoni, mvua ikinyesha nje, akamuuliza: "Alikwambia chochote kunihusu?"

Kamera ilikaa kwenye uso wa padri muda mrefu. Aliufungua mdomo. Nikasema, kwa sauti, sema. Sema, wewe.

Akasema, "Alikupenda sana."

Ikaishia hapo. Kidoti akavaa kofia yake ya koti akaenda zake, na padri akafunga mlango wa kanisa.

Sikuwahi kumkasirikia Masikio hata siku moja, hata alipomfukuza mlevi mmoja kanisani, lakini siku hiyo nilimtukana. Nilimtukana kwa Kibukusu, matusi ambayo nilidhani nimeyasahau. Maneno yaleyale niliyokuwa nimempa mwanao! Nikajiona jinsi nilivyokuwa upande wa pili wa simu, uso mwema, maneno mema, nafunga mlango.

Halafu hasira ikatulia na nikafikiri. Masikio alikuwa na haki. Padri amefungwa, na mimi niliyefundishwa katekisimu siwezi kumtaka avunje alichoapa. Lakini mimi sikuapa kwa yeyote. Hukunipigia magoti. Ulinieleza mikono imelowa maji ya gilasi, umekaa kwenye mkeka, kama mtu anavyomwambia nduguye. Mimi si padri, Zuhura. Mimi ni nesi.

Na bado haikuwa yangu kumwambia Salma. Hilo nililijua vilevile. Mgeni wa dini nyingine, wa nchi nyingine, ampigie msichana simu amvunjie nyumba nzima kwa sentensi moja? Alikuwepo mwenye haki ya kusema. Jumamosi nikampigia mama yako.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Nafula. Hujambo? Baridi ipo huko?"

"Hakuna baridi, mama. Mama, Zuhura aliniambia habari ya Salma."

Nilisikia mwiko ukiwekwa. Nilisikia jogoo. "Habari gani?"

"Kwamba alimzaa yeye."

"Siri ya maiti haichezewi, mwanangu."

"Sichezi nayo, mama. Salma sitamwambia, si wangu wa kumwambia. Ninalo moja tu, kisha nitanyamaza maisha yangu yote. Mlidhani anaogopa aibu. Aibu alikuwa ameizoea. Alikuwa anaogopa nikaha."

"Nikaha?"

"Ya Salma. Mzee akisimama walii."

Akavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga moto. Halafu ukali ukamjia, na sikumlaumu. "Wewe Mkristo, unayajua wapi haya?"

"Nimeyajua kwa sababu aliyalilia mbele yangu, mama. Alikuwa anakuja kuwaambia. Mauti yakamwahi."

Akakata simu.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Nilikwenda kazini nikawachoma watu sindano, nikaandika joto la mwili na shinikizo la damu, na wakati wote nilikuwa nikijiuliza kama nimeua nyumba yenu. Sauti yako ikabadilika. Haikuuliza tena. Ilikuwa ni pumzi tu, pale begani, kama mtu aliyekaa anasubiri zamu yake. Prossy aliniomba tuhame. Nilimwambia tungoje kidogo.

Bi Mwanaidi hakupiga. Aliyepiga ni Salma, asubuhi moja ya Ijumaa, kwa video, na alipotokea kwenye kioo nilitaka kulia maana alikuwa amekunja paji la uso vilevile kama wewe. Hina ilikuwa mikononi mwake, imeanza kufifia.

"Bi kanambia," akasema.

Ndivyo alivyosema, Bi, kama mtu anavyomwita bibi yake. Kabla ya hapo alikuwa mama.

Akanieleza yote, na mimi nakueleza wewe ujue. Mama yako alimwita chumba cha ndani akafunga mlango, akachukua kanga akajifunga tumboni mbele yake, vile alivyofanya zamani, akasema, "Hivi ndivyo nilivyokuzaa mimi. Kwa nguo. Aliyekuzaa kwa damu ni Zuhura." Mzee Khamis alikuwa amekaa nje ya mlango, kwenye kizingiti. Naye kesho yake alivaa kanzu akaenda mwenyewe kwa kadhi, mguu unamuuma, hakutaka kusindikizwa. Kisha akamwita yule mwalimu akamwambia ukweli kabla ya ndoa, bila kupamba. Mwalimu aliondoka bila kumaliza kahawa. Akakaa kimya siku kadhaa, wote wakajua imekwisha, Salma akaacha kula. Halafu akarudi, na mama yake, wakakaa wakala mchana pale, na hakuna aliyesema neno juu ya jambo lile. Nikaha imefungwa ofisini kwa kadhi, yeye ndiye walii. Watu wa mtaani waliuliza kwa nini Mzee hakuozesha. Mzee akawajibu, "Kwa sababu sikuwa na haki." Akaendelea kunywa kahawa yake.

Imesimama, Zuhura. Mwanao ana mume.

Sitakudanganya kwamba yote ni furaha. Salma alinitazama machoni akasema, "Nimemchukia, dada. Wiki nzima nimemchukia. Kila jioni ananipigia, ananiita mdogo wangu, na anajua." Sikukutetea. Nilimwacha aseme. Alisema mengi, mengine makali, na nilihisi pumzi ile begani ikisikiliza. Alipochoka akafuta pua kwa kiganja chenye hina, akaniuliza, kwa sauti ndogo, neno likimkwama njiani: "Mama... mama alizikwa wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia ni karibu na ninakosali. Akaniuliza nitakwenda misa saa ngapi.

Baada ya misa sikupanda basi. Nilitembea kwenye jua lile, mtandio wa Prossy kichwani, mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Sikuingia, sikujua kama naruhusiwa na sikutaka kumuudhi mtu. Hakukuwa na mtu. Nikampigia Salma, nikaishika simu juu ya ukuta kwa mikono miwili, kioo kikielekea ndani. Mkono uliniuma, vyuma vya simu vikawa moto. Sikumwona uso. Nilisikia tu sauti yake ikitoka juu ya kichwa changu, ikienda upande wako.

"Assalaam aleykum, mama," akasema. "Mie Salma, mwanao."

Kisha akakusomea Kurani na dua. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu akifa mlango wa matendo yake hufungwa, isipokuwa kwa mambo machache, na moja ni mtoto anayemwombea. Hukuwa na mtoto, Zuhura, kwa macho ya watu. Siku ile ulikuwa naye. Alisoma mpaka mwisho, na alipofika kwenye jina lako hakusema dada.

Tangu siku hiyo begani kwangu ni kimya. Nakiri kwamba kimya hicho kinanitisha kuliko sauti. Wakati mwingine naifungulia televisheni makusudi, naweka Kiingereza, nangoja. Prossy amevua rozari.

Kwaheri, mwenzangu. Lala. Ninakuahidi kwamba kila Ijumaa nitakayokuwa bado Doha nitasimama kwenye ukuta ule na mikono yangu juu, hata ikiuma, hata jua likiwaka namna gani, mpaka Salma apate njia ya kuja mwenyewe. Na siku hiyo nitashusha mikono, nimwonyeshe lango lilipo, nibaki nje.

Wako,
Nafula